Lori Kwenye Dirisha la Baba Mkwe

Zamani mtu akikuuliza nyumba yetu iko wapi, ulikuwa unamwambia hivi: nyoosha na njia mpaka uone lori la mchanga, hapohapo piga hodi. Sasa, kwa hisani ya kamati ya mtaa, wageni wanapotea. Wageni wapotee tu, mimi haidhuru. Kilichonikata maini ni kupotea kwa baba mkwe.

Baba mkwe ndiye huyu wanayemwita Mzee Breki. Alianza kazi akiwa utingo, akikaa nyuma juu ya mchanga, anashuka kupakua, anapanda tena, mpaka siku dereva wake alipougua njiani akamwambia, "Kijana, shika usukani." Akaushika, na hakuuachia tena mpaka macho yalipomkatalia. Jina la Breki alipewa na madereva aliowafundisha, kwa sababu kila aliyekaa naye mbele alihubiriwa neno lilelile: "Breki ndiyo dereva. Usukani ni pambo." Hajawahi kugonga mtu. Hajawahi kugonga hata kuku, na hilo atakuambia kabla hujamaliza kumwamkia.

Alipostaafu akamkabidhi lori mwanawe, yaani mume wangu. Lakini kukabidhi kwenyewe kulikuwa kwa mdomo. Kila alfajiri ni yeye aliyetoka na nyundo yake, anagonga tairi moja moja na kusikiliza mlio, kisha anatoa ruhusa. "Nenda. La nyuma kulia lina upepo mdogo, usilionee." Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, anasimama pembeni akisubiri ruhusa ya kwenda kazini. Na akiondoka bila ruhusa, mzee ananuna siku nzima na mimi ndiye ninayenuniwa.

Kisha kumbukumbu zikaanza kumtoka. Mara ananiita kwa jina la marehemu mkewe. Mara anauliza chakula huku kijiko kiko mkononi. Daktari akasema ni uzee, hauna dawa, mumlinde tu. Tukamlinda. Na kusema kweli haikuwa kazi kubwa, kwa sababu kitu kimoja kilikuwa kinamlinda kuliko sisi sote: lori. Chumba chake ni cha mbele, dirisha linatazama njia, na lori lilikuwa linaegeshwa ubavu kwa ukuta, hivyo ukifungua pazia unaona bodi la kijani tu, kuanzia kona hii hadi ile. Jioni akisikia injini imezimwa, anafungua pazia, anatazama, anasema, "Limelala." Basi. Anakula, anasali, anapanda kitandani kama mtoto mwema.

Lakini lori likichelewa, ole wetu. Kichwani mwake, kama lori halipo dirishani, maana yake ni yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Yuko njiani na mzigo, na mkewe anamsubiri. Kwa hiyo anatafuta viatu ili amalize safari.

Sasa mtaa wetu nao ukapandisha mabega. Watu wakajenga kuta, wakaweka mageti, wakaunda kamati, na kamati isiyotunga sheria itaonekanaje kama ipo? Wakatunga. Katibu akapita nyumba kwa nyumba akisoma kwa sauti: magari ya kazi hayaruhusiwi kulala mtaani. Na gari la kazi ni lipi? Ni gari lolote lenye matairi zaidi ya manne, au lenye maandishi ya biashara, au lenye kubeba vitu vinavyochukiza macho.

"Vinavyochukiza macho ya nani?" nikamuuliza.

"Ya wakazi, mama."

"Na mimi si mkazi?"

Akageuza ukurasa akaendelea kusoma.

Nisiwe mnyimi wa haki. Lori lina adha zake. Linadondosha oili, na alfajiri likiwashwa vioo vya mtaa mzima vinatetemeka. Jirani wa mbele yetu ni nesi wa zamu za usiku. Anarudi asubuhi hana miguu, ndiyo kwanza anaweka kichwa kwenye mto, na sisi ndiyo tunapasha injini moto. Alilalamika, na alikuwa na haki. Ningekuwa mimi ningelirushia mawe. Lakini Katibu mwenyewe ana pikapu iliyojaa matenga ya kuku, ukipita karibu unaziba pua, nayo inalala mtaani raha mstarehe. Kumbe hiyo ni gari la familia! Familia ya kuku, labda. Ndiyo maana wahenga walisema mkuki kwa nguruwe.

Mume wangu, ambaye ukimkanyaga mguu ni yeye anayekuomba radhi, akasema, "Sheria ni sheria, mama watoto."

"Sheria gani inamzidi baba yako?"

Akatoka kwenda kutazama tairi. Nikaona hapa nikingoja mwanaume nitangoja sana. Nikanunua turubai, kubwa, jeusi, nikalifunika lori zima kuanzia kichwa hadi mkia. Si wanasema kuchukiza macho? Kisichoonekana kitachukizaje? Niliwaza nimewapata. Kesho yake Mwenyekiti akaja na fimbo yake ya kutembelea, akazunguka turubai polepole, akasema, "Mama, jana tulikuwa na lori. Leo tuna lori na turubai."

Na mzee naye hakunisaidia. Kwake yeye, turubai ni la kufunikia saruji. Akakaa dirishani akilinda saruji isinyeshewe, akimkemea kila mtoto aliyepita, na chakula hakukigusa. Turubai likatoka.

Kamati ikasema itafunga magurudumu kwa mnyororo. Mume wangu akalipeleka lori kwenye yadi ya mawe, nyuma ya soko, akawa anarudi nyumbani kwa miguu kama mtu aliyeuza ng'ombe wake.

Jioni ya kwanza mzee akafungua pazia. Badala ya bodi la kijani akaona ukuta wa nesi.

"Lori liko wapi?"

Mume wangu akainama kuvua viatu. Mimi, mjuaji wa wajuaji, nikadakia, "Liko gereji, baba."

"Lina nini?"

Hapo mtu mwenye akili zake angesema taa. Angesema pancha, kitu kidogo, mzee angeguna akaenda kulala. Lakini mimi najua nini kuhusu malori? Nilitafuta neno la kigari lililokuwa karibu na ulimi, nikasema, "Giaboksi."

Loo! Mzee alisimama wima kama aliyechomwa na sindano. "Giaboksi? Wameifungua?"

"Sijui, baba, nadhani..."

"Imefunguliwa, na nyinyi mmekaa mnakula? Nani yuko nao?"

Nilikuja kujua baadaye, kwa kuelezwa na mume wangu kwa upole wake unaokera, kwamba giaboksi ikifunguliwa mwenye lori haendi nyumbani. Anakaa palepale juu ya debe, macho kwenye kila nati, maana mafundi wengine wakikuona umegeuka wanakutolea gia zako nzima wanakuwekea za lori lililokufa. Baba mkwe maisha yake yote hakuwahi kuiacha giaboksi peke yake. Na mimi nimemwambia iko wazi na haina mtu. Nikamwambia basi si giaboksi, ni taa. Hakunisikia. Taa hakuisikia kabisa, giaboksi aliishika, mtu anayesahau jina la mwanawe!

Kesho yake mchana nilikuwa uani naanika nguo. Kurudi ndani, kitanda kitupu, geti limeachwa wazi, na spana yake kubwa haipo ukutani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mume wangu akamwaga mchanga wa watu njiani akaja. Tulimtafuta sokoni, hayupo, gereji zote, hayupo, yadi ya mawe, hayupo. Mwishowe tukampata kwenye kituo cha mafuta, ng'ambo ya barabara kuu. Ng'ambo! Ile barabara mimi mwenye macho mawili mazima naivuka kwa dua, magari yanapita yanakimbizana, yeye aliivukaje sijui mpaka leo. Vijana wa pampu walimwekea kiti kivulini. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, wa pili na kandambili, na wa kandambili ulikuwa unatoka damu.

Akaniona akatabasamu. "Umeniletea chakula? Hawa wananizungusha, mke wangu. Wanasema giaboksi bado."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na vijana wa pampu wakageuka kutazama pembeni.

Jioni hiyo shemeji yangu akapiga simu kutoka huko anakoishi. Walio mbali wana ushauri mwingi. "Shemeji, mfungieni geti. Siku nyingine atagongwa, mtamwambia nani?" Alikuwa anasema kweli. Tukanunua kufuli.

Basi mkae nyumba moja na mtu aliyelala porini chini ya lori lake, aliyevuka mito ikiwa imefurika, aliyeogopwa na madereva wenzake, halafu mumsikilize akitikisa geti la nyumba yake mwenyewe. "Fungueni! Nina mzigo wa watu!" Anatikisa, anachoka, anakaa chini, anainuka, anatikisa. Mume wangu alijifungia jikoni akaziba masikio kwa viganja. Nilimkuta hivyo, mwanaume wa watu, machozi yanachuruzika kwenye ndevu.

Nikamwambia, "Mimi nakwenda kwenye kamati. Lori litarudi dirishani."

"Tafadhali usiwatukane."

"Sikuahidi."

Kamati ilikuwa inakutana kwenye darasa la watoto wadogo, na viti vilikuwa vyao hao watoto. Watu wazima tumejikunja, magoti yamefika kidevuni, Mwenyekiti naye vilevile, lakini anaongea utadhani yuko kwenye kiti cha enzi. Nilieleza yote. Nilijizuia, nawaambia, mpaka nikajishangaa. Nikamalizia, "Siombi kingine. Naomba lori lilale dirishani kwa mzee, ili alale na yeye. Barabara ile akiivuka tena, hatarudi."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, tunakuhurumia sana. Lakini tukiruhusu lori leo, kesho tutaletewa trekta."

Hapo nikasahau kujizuia. "Mwenyekiti, kokoto za msingi wa nyumba yako zililetwa na mzee huyuhuyu na lori hilohilo!"

"Na alilipwa, mama."

Kweli alilipwa.

Ikaamuliwa kwamba iundwe kamati ndogo, ije ithibitishe hali ya mzee. Kamati imezaa kamati! Hapo ndipo nilipojua nampigia mbuzi gitaa.

Kamati ndogo ilikuwa Katibu na mwalimu mstaafu wa mtaa wa juu. Na siku waliyokuja, jamani, siku hiyo! Mzee aliamka mwenyewe, akaoga mwenyewe, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili. Akamuuliza mwalimu habari za mguu wake uliokuwa unamsumbua. Akamwambia Katibu, "Pikapu yako ninaisikia ikipita. Springi ya nyuma imevunjika, itengeneze kabla haijakuangusha." Katibu akashukuru sana.

Mimi huku nyuma namwomba Mungu mzee asahau kitu, chochote, hata jina langu. Mtu anaomba dua ya namna hiyo!

Mwalimu akauliza, "Na lori siku hizi liko wapi, mzee?"

"Si liko yadi?" akajibu bila kupepesa macho. "Mwanangu kalipeleka huko kwa sababu yenu. Mmefanya vizuri, lilikuwa linawapigia kelele."

Nilishika ukuta. Wale wawili wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaaga. Walipotoka tu, hata geti sijalifunga, mzee akanigeukia akaninong'oneza, "Wale ndio mafundi? Giaboksi wamemaliza?"

Nilitimka mbio na kanga ya jikoni kiunoni. "Rudini! Rudini mumsikie!" Walisimama katikati ya njia wakanitazama kwa huruma, na niliona wazi kabisa kwamba kwa maoni yao mgonjwa wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Jibu la kamati likaja kama nilivyotarajia: mzee ni mzima, akili timamu, sheria ibaki.

Mvua zikaja, zikaisha. Ufunguo wa kufuli tukawa tunauficha, tunasahau ulikofichwa, tunapiga makelele sisi kwa sisi. Siku moja mchana mzee akapenya nyuma ya mchuuzi wa mkaa. Safari hii hakufika mbali. Alivuka njia akagonga geti la mbele yetu, akamwamsha nesi usingizini. Nesi alimleta amemshika mkono, amevaa gauni la kulalia na shuka begani, macho mekundu. Nikajiandaa kwa matusi na majibu yake niliyapanga kabisa.

"Dada," akaniambia taratibu, "baba anatafuta nini? Ananiambia nimfungulie aingize lori, mkewe asije akalala na njaa."

Nikamweleza. Yeye vikao vyote vilimpita akiwa kazini. Alijua lori limeondoka, akalala usingizi wake akamshukuru Mungu, hakuambiwa lilikuwa linamlaza nani. Alikaa kwenye ngazi yetu muda mrefu, mzee kamshika mkono hamwachii.

Kikao kilichofuata akaja na sare yake ya kazi. Hakukaa kwenye vile viti. "Mimi ndiye niliyelalamika," akasema. "Sasa nafuta. Lori lirudi kwa mzee. Ninawaona wazee kama yeye wodini, wanaletwa wameokotwa barabarani. Wengine hawana hata wa kuwatambua. Asubuhi nitaziba masikio."

Katibu, asiyekosa la kusema, akashauri kwamba asubuhi lisiwashwe injini, lisukumwe mpaka barabara kubwa.

"Lisukumwe na nani?" nikamuuliza. "Wewe na kuku wako?"

Watu wakacheka, hata Mwenyekiti, na ikaonekana shauri limepita. Niliinuka nikamkumbatia nesi mbele ya watu. Kumbe nimewahi mno. Mwenyekiti akasema uamuzi umepokelewa, ila hauwezi kutumika mpaka uthibitishwe na kikao kijacho. Kikao kijacho kikaahirishwa kwa sababu Mwenyekiti alisafiri. Kingine kikakosa watu. Nilikwenda nyumbani kwake, nikakwenda kwa Katibu, nikakaa kwenye ngazi zao mpaka wake zao wakanizoea wakawa wananipa mboga nichambue.

Katika kungoja huko mzee akatulia. Geti aliacha kulitikisa. Pazia akawa hafungui mpaka nimfungulie. Tulishukuru, tukasema Mungu ametuonea huruma, angalau anapumzika mpaka lori lirudi.

Na likarudi. Uamuzi ulithibitishwa, na masharti yake: chini liwekewe sinia la kukinga oili, honi isipigwe, lioshwe kila jioni kabla ya kuingia mtaani. Mume wangu hakuliosha tu, alilisugua. Alisugua hata vikinga matope vya magurudumu. Jioni, jua bado lipo, tukalisikia linapinda kona, na mimi nikaanza kulia kabla halijafika. Nesi alitoka getini kwake amekunja mikono, anatabasamu. Mume wangu akalirudisha nyuma polepole, ubavu kwa ukuta, kama alivyofundishwa, akazima injini. Akashuka, akaja kusimama nje ya dirisha la baba yake, mkono mmoja ameuweka juu ya bodi. Alikuwa anacheka peke yake.

Mimi nikafungua pazia lote. "Baba, njoo utazame."

Nilimshika kiwiko tukasogea pamoja. Akatazama. Akatazama kuanzia kona hii hadi ile, akashika nondo za dirisha, akamtazama mume wangu kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe bwana," akasema, "ndiye mwenye hili lori?"

Mume wangu akaacha kucheka.

"Mbona unaegesha dirishani kwa watu? Unanizibia mwanga. Hapa ni nyumbani kwangu, si yadi."

Nilitaka kumpiga mtu na sikujua nimpige nani. Mwenyekiti hakuwepo, Katibu hakuwepo, na nesi kule getini kwake alikuwa bado anatabasamu, maana hakusikia.

"Baba," nikaanza, "huyu ni..."

Mume wangu akanikatiza kwa kutikisa kichwa.

"Samahani, mzee," akamwambia baba yake. "Naliondoa sasa hivi."

Akapanda, akawasha injini, akaondoka nalo.